Je, Filamu ya Titanic Yawafaa Vijana Wetu? Uhakiki kutoka Manyoni

Yamkini wako wasomaji watakaoshangaa kuona jarida la chuo cha theolojia likitoa kurasa zake kwa filamu ya mapenzi, tena filamu ambayo robo karne imekwisha kupita tangu itoke. Hatukuichagua sisi. Vijana wa usharika mmoja wilayani Manyoni, mkoani Singida, ndio walioichagua, nasi tulikuwako kama wageni katika kipindi cha mafunzo ya utendaji. Yaliyotokea jioni ile yalitulazimisha kuitazama upya filamu hiyo, tangu mwanzo hadi mwisho, na kulitafakari swali ambalo wazazi huwauliza wachungaji mara kwa mara, nasi hulijibu kwa haraka mno: je, filamu ya namna hii yawafaa vijana, na kama yawafaa, ni vijana wa umri gani?

Filamu yenyewe ni Titanic, iliyoongozwa na James Cameron na kutolewa mwezi Desemba 1997. Machi 1998 ilipata tuzo 11 za Oscar. Inasimulia kuzama kwa meli ya jina hilo usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, ambapo watu zaidi ya 1,500 walipoteza maisha. Ndani ya tukio hilo la kweli imewekwa hadithi ya kubuni: Rose, binti wa miaka 17 anayesafiri katika daraja la kwanza pamoja na mama yake na mchumba wake tajiri aitwaye Cal, anampenda Jack, mchoraji fukara aliyeipata tiketi yake ya daraja la tatu kwa kushinda mchezo wa karata.

Tusidhani kwamba tunazungumzia kitu cha ng'ambo kisichotuhusu. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, na filamu hii ilipotoka, kanda za video na vibanda vya kuzionyeshea, ambavyo vijana huviita vibanda umiza, ndivyo vilivyokuwa sinema ya watu wengi. Walikuwako pia wasimulizi, mashuhuri miongoni mwao akiwa Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, waliotia sauti yao ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni ili mtu asiyejua Kiingereza afuate hadithi. Hata kitabu cha katuni cha Kiswahili kilitungwa kutokana na mkasa wa Titanic. Leo katika mji kama Manyoni, mahali ambapo tawi la Singida huachana na reli ya kati na magari ya Dodoma, Singida na Tabora hupita usiku na mchana, kijana hahitaji hata kibanda. Humpelekea mwenye kompyuta flashi yake, akalipa kidogo, akarudi nyumbani na filamu kumi. Basi mchungaji anayesema kwamba vijana wake hawajaiona filamu fulani kwa kuwa yeye hajawaruhusu, anajidanganya.

Turudi kwenye jioni ile. Shuka nyeupe ilitundikwa ukutani, projekta ikaazimwa, na vijana wapatao sitini wakaketi kwenye mabenchi. Baadhi yao walikuwa wa darasa la kipaimara, wenye miaka 12 au 13. Wengine walikuwa wamekwisha kumaliza kidato cha nne. Mzee mmoja wa usharika alikuwa amesikia kwamba ndani ya filamu mna mambo ya aibu, akamwagiza mwinjilisti ahakikishe hayaonekani. Ilipofika sehemu ambayo Rose anavua joho lake ili Jack amchore, mwinjilisti aliinuka akaweka kiganja chake mbele ya kioo cha projekta. Ukuta ukawa giza. Sauti ikaendelea. Vijana walicheka, kisha wakanyamaza kimya cha watu wanaosikiliza kwa makini kuliko walivyosikiliza jambo lolote jioni hiyo. Na kwa kuwa mwinjilisti mwenyewe hakujua sehemu ile huisha lini, aliuacha mkono pale muda mrefu kupita kiasi, hata tukakosa kuona sehemu nyingine ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Alifanya hivyo tena walipoingia ndani ya gari lililokuwa katika shehena ya meli. Hatumcheki ndugu yetu. Alitumwa, naye akatii.

Filamu hii ina urefu wa zaidi ya saa tatu, na petroli ya jenereta iliisha mara moja katikati, hivyo tulimaliza karibu na saa sita usiku. Kulikuwa na muda mfupi wa maswali. Wavulana waliuliza kama meli ile bado iko chini ya bahari, na kama kile kipande cha ubao kisingeweza kuwabeba watu wawili, swali ambalo limewachosha watu dunia nzima. Kisha binti mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alisimama akasema: "Samahani Mchungaji, yule tajiri alirudishiwa kidani chake?" Watu wakacheka. Mmoja wetu alimjibu kwamba almasi ile ni ya hadithi tu, haikuwako kwa kweli, na tukafunga kwa sala. Usiku ule, tukiwa tumelala, ndipo tulipotambua kwamba katika maswali yote lile ndilo lililokuwa swali la mtu aliyeielewa filamu, nasi tulikuwa tumelipuuza.

Kabla ya kufika huko, inafaa kutazama jinsi wengine walivyoipima filamu hii. Wapimaji wa Marekani waliiweka katika daraja linalowaonya wazazi kuhusu watoto walio chini ya miaka 13. Uingereza iliwaruhusu kuanzia miaka 12. China, ilipotolewa tena mwaka 2012, wakaguzi waliiondoa ile sehemu ya kuchorwa na kuacha zilizobaki. Sisi nasi tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ambayo chini yake filamu hukaguliwa kabla ya kuonyeshwa hadharani, ingawa flashi ya kijana haipiti kwa mkaguzi yeyote. Vipimo hivi hatuvidharau. Lakini kiganja cha mwinjilisti na mkasi wa wakaguzi wa China ni kipimo kile kile: vyote viwili vinatafuta mwili ulio uchi, na vikikwisha kuuondoa vinahesabu kwamba filamu imetakasika.

Kanisa lenyewe si geni katika suala hili la umri. Origeni, katika dibaji ya ufafanuzi wake wa Wimbo Ulio Bora, anaeleza kwamba kwa Wayahudi kitabu hicho hakikutolewa kwa watu ambao hawajafikia ukomavu. Lakini hawakukiondoa katika Maandiko, wala hawakukata mistari inayoutaja mwili. Walisema ngoja. Na kitabu chenyewe kinasema ngoja, kwa maana mara tatu binti za Yerusalemu wanaapishwa wasiyachochee mapenzi kabla ya wakati wake. Kungoja na kukata ni mambo mawili tofauti, na tunaona kwamba mara nyingi katika sharika zetu tunakata kwa sababu kungoja kunadai kazi ndefu zaidi, yaani kukaa na kijana miaka mitatu au minne na kuzungumza naye.

Kuhusu sehemu mbili zilizofunikwa, maoni yetu ni haya. Sehemu ya kuchorwa haikutengenezwa ili kuamsha tamaa tu. Kamera inakaa zaidi kwenye macho ya Jack na mkono wake unaochora, na anayeisimulia ni Rose aliyekwisha kuwa bibi wa miaka mia moja. Ile ya ndani ya gari huonyesha kidogo kuliko filamu nyingi zinazozunguka wilayani humo kwa flashi. Hata hivyo hatusemi kwamba zawafaa watoto wa kipaimara walioketi gizani, wavulana kwa wasichana, pamoja na shangazi zao na wazee wa usharika. Aibu kwetu si jambo la mtu mmoja mmoja. Huwa ya wote walioko chumbani. Wana wa Nuhu, Shemu na Yafethi, waliufunika uchi wa baba yao wakienda kinyumenyume (Mwanzo 9:23), na waliheshimiwa kwa hilo. Lakini hawakuwaita kwanza majirani waje kusikiliza.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo hakuna mtu aliyefikiria kuifunika. Rose amesimama akishika nguzo ya kitanda, na mama yake, Ruth, anamkaza kamba za vazi la ndani la kubana kiuno. Akiwa anazivuta kamba hizo anamweleza bintiye kwamba baba yake aliwaachia madeni na jina jema tu, na kwamba ndoa na Cal ndiyo njia pekee iliyobaki. Anamwuliza kama angependa kumwona mama yake akishona nguo za watu ili apate kula. Hakuna uchi wa kutisha hapo, hakuna busu. Kabla ya hapo tumemwona Cal akipindua meza ya chakula na kumwambia Rose wazi kwamba yeye ni mkewe kwa vitendo ingawa bado si kisheria. Baadaye anampiga kofi. Na kile kidani cha almasi alichompa usiku chumbani mwake ni nini, ikiwa si mali iliyotangulia ili binti afuate?

Hapo ndipo tulipolielewa swali la yule binti. Kwa Wagogo na kwa Wanyaturu, uchumba ukivunjika, neno la kwanza ni ng'ombe: wangapi walitolewa, wangapi wamezaa, na nani atawarudisha. Mali isiyorudishwa ni kamba ambayo haijafunguliwa. Yeye alimwona Rose akiondoka na Jack huku kidani kikiwa bado mikononi mwa upande wa binti, akajua kwa akili ya nyumbani kwao kwamba shauri halijaisha. Kwake hiyo haikuwa hadithi ya Wazungu na barafu. Tusisahau kwamba Rose ana miaka 17, na huko nyuma ya kanisa walikuwa wameketi mabinti wa umri huo huo.

Tuseme kwa haki: mahari si bei. Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya ng'ombe na ukoo miongoni mwa Wagogo, alionyesha jinsi mifugo inavyozunguka ili kuzifunga jamaa pamoja, na mzee yeyote wa Manyoni angemwambia Ruth kwamba mahari hupokelewa na ukoo mzima, haimfuti mama deni lake. Lakini nchi hii ya ukame imepita katika njaa nyingi, ile ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920 ikiwa mbaya kuliko zote zinazokumbukwa, na njaa huwafundisha watu kuwahesabu mabinti pamoja na mifugo. Raheli na Lea walilisema jambo hilo bila kificho juu ya baba yao Labani: ametuuza, na mali yetu ameila (Mwanzo 31:15). Tumesikia mahubiri mengi juu ya uvumilivu wa Yakobo wa miaka saba na saba. Juu ya mstari huo hatukumbuki kusikia hata moja.

Luther aliandika juu ya jambo hili mwaka 1524, katika waraka wake wa kuonya kwamba wazazi wasiwalazimishe watoto wao kuoa au kuolewa wala wasiwazuie, na kwamba watoto nao wasifanye uchumba bila ridhaa ya wazazi. Waraka huo wahukumu pande mbili za filamu hii kwa pamoja. Unamhukumu Ruth, anayeitumia amri ya kuwaheshimu wazazi kama kamba nyingine ya kumbana mwanawe. Unamwuliza Rose pia swali, na Jack zaidi, kwa maana kijana huyu hana baba wala mjomba wala mtu wa kumsemea; mapenzi yao yanatokea kama mvua isiyo na wingu. Wahubiri wetu huusoma upande wa pili tu wa waraka ule, ule unaowahusu watoto. Sheria ya nchi nayo imelifikia jambo hili polepole. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilisema tangu mwanzo kwamba pasipo ridhaa ya hiari ya wote wawili hakuna ndoa, lakini ikaruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vya umri vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Kuna sehemu nyingine fupi inayowahusu wasomaji wa jarida hili. Ni Jumapili asubuhi, tarehe 14 Aprili. Abiria wa daraja la kwanza wako katika ibada, wanaimba. Jack anafika mlangoni kumtafuta Rose, na watumishi wanamzuia na kujaribu kumpa fedha ili aende zake. Wimbo unaendelea. Tuliwauliza wachungaji watatu walioiona filamu hii kama wanaikumbuka sehemu hiyo. Hakuna aliyeikumbuka. Kuchorwa walikumbuka wote.

Hata hivyo tusiifanye filamu hii kuwa mahubiri mema yaliyoeleweka vibaya. Ina kosa kubwa, na kosa hilo haliwezi kufunikwa kwa kiganja, kwa sababu limeenea katika hadithi yote. Mapenzi ya Rose na Jack ni ya siku chache, nayo yamepewa saa tatu. Baadaye Rose aliolewa na mtu mwingine, akazaa, akalea, akawa na wajukuu. Ndoa hiyo haikupewa hata tukio moja. Tunamjua yule mume kwa jina la ukoo tu. Na mwishoni, bibi huyo anapolala, pengine usingizi wa mauti, anaingia katika ukumbi wenye mwanga ambamo Jack anamngojea kwenye ngazi, na watu wote wanapiga makofi. Mume hayumo. Watoto hawamo. Kifo kilimfanyia mtunzi kazi yake: Jack hakuugua, hakukosa kazi, hakukasirika Rose alipochoka, wala usiku ule wa ndani ya gari haukuzaa mtoto. Mtazamaji mwenye miaka 14 anafundishwa kwamba mapenzi ya kweli ni yale yasiyopata nafasi ya kuzoeleka. Hilo ndilo jambo la watu wazima lililomo humu ambalo kijana hawezi kulipima peke yake, na hakuna mkaguzi aliyelitaja.

Mtu aweza kuilinganisha na filamu ya Zimbabwe iitwayo Yellow Card, iliyoongozwa na John Riber na kutoka mwaka 2000. Humo Tiyane, kijana wa sekondari anayependa mpira, analala mara moja na rafiki yake Linda, kisha anampenda msichana mwingine. Lakini mtoto anazaliwa, na mwishowe yuko mikononi mwa Tiyane mwenyewe. Kwa ufundi haifikii filamu ya Cameron hata kidogo, na mara nyingine mafunzo yake yanajitokeza kama mifupa ya samaki. Lakini mtoto yumo, analia, anahitaji maziwa. Kama tungelazimika kuchagua moja kwa ajili ya watoto wa kipaimara tungechagua hiyo, ingawa tunajua fika ni ipi wataendelea kuiomba kwa mwenye kompyuta.

Hukumu yetu basi si moja kwa watu wote. Kwa walio chini ya miaka 15 au 16 tunasema wangoje, na sababu tunayoitoa si ile michoro bali ni huo mwisho wake. Kwa vijana waliokwisha kubarikiwa na kukomaa kidogo, tunasema waione yote, bila mkono mbele ya kioo, wavulana na wasichana wakiwa na watu wazima wao wanaowaamini, na kwa jioni mbili badala ya moja. Jioni ya kwanza isimamishwe baada ya Ruth kukaza kamba, na watu wazungumze. Wazazi wawepo. Tunajua kwamba pendekezo hili la mwisho ndilo gumu, kwa maana mzee aliyeagiza uchi ufunikwe alikuwa tayari kuigharimia petroli ya jenereta, lakini hatuna hakika kama angependa kuketi wakati kamba zile zinajadiliwa.

Majuma matano baadaye mmoja wetu alirudi katika usharika ule, akamtafuta yule binti baada ya ibada, mama yake akiwapo, akamwomba radhi kwa jibu la usiku ule. Alimweleza kwamba katika hadithi Cal hakurudishiwa kitu, na Rose aliitunza almasi hadi uzeeni akaitupa baharini. Na kwamba kwa Sheria yetu ya Ndoa mtu aliyetoa zawadi kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa aweza kudai zawadi hizo mahakamani, lakini hawezi kumdai binti badala yake.

Binti alisikiliza, akamtazama mama yake, akauliza: "Na kama ng'ombe wamekwisha kuliwa?"

Tumelipeleka swali hilo kwa mchungaji wa usharika, naye ameahidi kuwaita wazazi kabla filamu haijaonyeshwa tena.